Sakafu Iliyokoroma

Shimo la tatu Inspekta Kiplangat alilikataa katakata. Mawili ya kwanza yalikuwa bado wazi, moja chini ya sinki na jingine kando ya beseni la kuogea, na hayakuwa yametoa kitu ila udongo mwekundu, kifusi cha msingi na kizibo cha soda. Vigae vilivyovunjwa vilirundikwa koridoni hadi mlangoni. Nje ya ua, majirani walikuwa wameegemea waya kama watu wanaosubiri mnada uanze.

"Chimba hapa kwa ukuta, afande," Zachary alisema, akigonga sakafu kwa kisigino. "Halufu inatoka hapa. Mimi ni ndugu yake. Najua yuko hapa."

"Jana ulijua yuko chini ya sinki," Kiplangat alimwambia. "Juzi ulijua yuko kando ya beseni."

"Si nilikuwa nakisia?"

"Basi leo pumzika kukisia. Toka nje."

Zachary alitoka huku akijipangusa macho kwa leso. Ndiye aliyeianzisha kesi hii. Alikuwa amefika kituoni kutoka Misikhu akilia, akasema mdogo wake, Mukhisa, mwenye duka la mbegu na mbolea mjini Kitale, ametoweka tangu mwisho wa Juni. Aliyemuua, alisema, ni mkewe Nekesa, na amemzika bafuni. Anayebisha aende akanuse. Polisi walikwenda wakanusa. Kwa kweli kulinuka, tena vibaya. Nekesa akatiwa ndani.

Maelezo ya Nekesa yalikuwa mafupi. Mume wake aliondoka nyumbani Jumamosi kwenda kwa Zachary huko Misikhu kuzungumzia mpaka wa shamba la baba yao, hakurudi. Zachary aliapa kuwa Mukhisa hakufika kwake. Alisema hajamtia machoni tangu Krismasi. Kiplangat alikuwa amepiga simu kila hospitali aliyoweza kuipata upande wa Bungoma, akauliza habari za Mukhisa, akaambiwa hayupo. Hivyo likabaki neno la mke dhidi ya neno la kaka, na katikati yao uvundo. Mkubwa wake kituoni alikuwa amemwita asubuhi hiyo. "Niletee maiti," alimwambia, "au uniletee sababu ya kuwa nimevunja nyumba ya raia."

Kiplangat alisimama katikati ya bafu akavuta pumzi kwa pua. Akavuta tena. Akatoka hadi koridoni.

"Jerono!"

Konstebo Jerono, aliyekesha zamu ya kulinda nyumba, alikuja mbio.

"Unasikia harufu?"

Jerono alinusa. "Hapana, afande. Kwa sasa hapana."

"Jana jioni?"

"Jana jioni ilikuwa mbaya mpaka nikakaa jikoni."

"Na usiku kucha hakuna aliyegusa kitu humu?"

"Hakuna. Jioni niliosha tu miguu pale chini ya bomba la mvua, nikaona udongo umejaa, nikatumia choo cha jirani."

Inspekta alikuna kidevu. Kwa miaka yake kazini alikuwa amefukua watu Endebess, amewaopoa watu mtoni Nzoia, na alijua jambo moja ambalo lilikuwa limemkera tangu siku ya kwanza ya kesi hii bila kulipatia jina. Sasa alilipata.

"Maiti hainuki kwa zamu," alisema. "Ikianza imeanza. Haipumziki usiku ikarudi kazini asubuhi."

Wakati huo mmoja wa vibarua waliochimba alipita kati yao, akaomba radhi, akaingia, akafunga mlango. Wakasikia akivuta maji ya choo. Mara, ndani ya bafu, kitu kikakoroma. Kilikoroma kwa sauti nzito, kama ng'ombe aliyekabwa na gunzi, kikamaliza kwa mguno. Kibarua alitoka akifunga mkanda, na nyuma yake ule uvundo ukatoka naye.

"Mama wee!" Jerono alisema, akaziba pua.

Kiplangat hakuziba. Aliingia, akapiga magoti juu ya udongo. Hii haikuwa harufu ya mtu aliyekufa. Mtu aliyekufa ana utamu fulani unaokwama kooni. Hii ilikuwa ya yai viza na tope la shimo. Alijiuliza alikuwa wapi siku zote hizi, yeye na pua yake, akakumbuka kwamba siku zote hizi alikuwa amezungukwa na watu waliokwisha kumwambia ananusa nini.

"Nekesa alisema nini kuhusu bafu hili? Yale maelezo ya kwanza."

Jerono alifikiri. "Alisema ni choo tu, afande. Alisema ukivuta maji, sakafu inakoroma. Sajenti akacheka. Akasema hiyo ni dhamiri yake."

"Mwambie sajenti aje akae hapa anuse dhamiri."

Aliwasha sigara, si kwa kuvuta. Aliishika juu ya tundu la sinki, moshi ukapanda wima. Akaishika juu ya bakuli la choo, ukapanda wima vilevile. Kisha akaishusha hadi kwenye tundu dogo la sakafuni, pale chini ya bomba la mvua ambapo maji ya kuogea huishia, penye kichujio cha chuma. Moshi ulisukumwa kando kana kwamba mtu aliyeko chini aliupuliza.

"Huyu ndiye anayenuka," alisema. "Leta tochi. Na ndoo ya maji."

Alikiondoa kichujio kwa ncha ya kisu akamulika ndani. Palikuwa pakavu. Jerono alimimina maji taratibu, na mwanga wa tochi ukaanza kumetameta huko chini, kwenye kona ya bomba iliyopinda kama shingo ya bata. Maji yalikaa pale, yakatulia, yakang'aa kama jicho. Baada ya muda hewa ya bafuni ikawa hewa tu.

"Kumbe ni hivyo?" Jerono alisema. "Maji tu?"

"Yale maji ni mlango. Nyuma yake ni tenki la uchafu. Yakiwapo, harufu haipiti. Sasa vuta choo."

Jerono alivuta. Kwanza maji yakashuka kwa kishindo. Kisha sakafu ikakoroma. Kiplangat, aliyekuwa amelala kifudifudi na tochi mkononi, aliliona lile jicho likitikisika, likinywea, likazama lote. Uvundo ukamjaa usoni. Aliinuka akitema mate.

"Kuna kitu kinayanyonya," alisema.

Wakatoka nje. Ua ulikuwa umekanyagwa ukawa matope, na baridi ya Julai ilikuwa imeteremka toka Mlima Elgon. Bomba la choo lilitoka kwenye ukuta wa nyuma, likaingia ardhini kuelekea kwenye tenki, na tawi lake moja likapanda kando ya ukuta hadi kwenye paa. Kiplangat alilifuata kwa macho. Lilipotea chini ya mabati.

Halafu akageuka kutazama nyumba za majirani. Mtaa mzima ulijengwa na mkono mmoja, kwa ramani moja. Milango ile ile, madirisha yale yale. Na kila paa lilikuwa na bomba limechomoza juu kama kidole. Paa la Mukhisa tu ndilo halikuwa nalo. Tena paa hilo lilikuwa jipya, linang'aa, wakati mengine yote yalikuwa yameota kutu.

"Mama!" alimwita mwanamke mmoja aliyeegemea waya. "Hii mabati iliwekwa lini?"

"Pasaka," mwanamke alijibu. "Kelele za nyundo zilitukosesha ibada ya Ijumaa Kuu. Na ni Mbugua aliweka, yule fundi wa karibu na soko la nafaka. Ati kuna nini? Mmempata?"

"Na harufu ilianza lini?"

Mwanamke alitazama wenzake. "Si ni tangu hapo tu? Nekesa mwenyewe alikuwa analalamika kwa kina mama wa kanisa. Mei hivi, ushirika ulikuwa kwake, watu wakamaliza maombi haraka."

"Kwa nini hamkusema?"

"Mliuliza kama tumesikia harufu. Tukasema tumesikia. Nani aliuliza lini?"

Kiplangat alirudi ndani ya nyumba. Alipanda juu ya meza, akafungua kidirisha cha dari, akajivuta kati ya mbao na utando wa buibui. Tochi ilimwonyesha alichokuwa akikitafuta. Bomba lilikuwa limekatwa kwa msumeno kipimo cha mkono chini ya mabati, na mdomo wake ulikuwa umesokomezwa karatasi za mfuko wa saruji zilizosindiliwa zikawa ngumu kama jiwe. Vumbi la siku nyingi lilikuwa limezifunika. Alizivuta zikakataa. Aliziacha kama zilivyo, akashuka na nywele zimejaa vumbi.

Mbugua aliletwa kabla ya saa sita, na nyundo yake kiunoni, amekasirika kuliko waliomleta.

"Mimi ni mtu wa mabati," alisema hata kabla ya kusalimu. "Mabomba si yangu."

"Hili ulilikata wewe?"

"Afande, lilikuwa limesimama njiani. Ningetoboa bati jipya? Mwenye nyumba aliniambia hataki tone la maji liingie. Nikikata nikaziba, nani anaumia?"

"Mwenye nyumba amepotea, mke wake yuko seli, na mimi nimevunja bafu. Hao ndio wanaoumia."

"Ati kwa sababu ya bomba?" Mbugua alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kucheka naye, akamkosa. "Ile ni ya kutoa harufu tu, bana. Nilijua kazi ya hilo bomba ni kutoa harufu. Nikasema nikiliziba, harufu haitoki."

"Imetoka chini badala ya juu," Kiplangat alisema kwa sauti ya mtu anayehesabu moyoni ili asipige. "Sikiliza. Maji ya choo yakishuka kwa nguvu yanavuta hewa nyuma yao. Bomba likiwa wazi juu, yanaivuta kutoka juu. Wewe umeliziba. Sasa yanaivuta kwenye tundu la sakafu, na yale maji yaliyokaa pale kuzuia uvundo yanabebwa pia. Ndiyo kukoroma kwenyewe. Kila mtu akienda haja, anafungua tenki bila kujua. Ulikata lini?"

"Alhamisi Kuu. Nakumbuka kwa sababu Ijumaa nilipigilia ridge, lile bati la kileleni, watu wakanizomea kwamba sina dini."

"Kabla ya hapo lilikuwa wazi?"

"Wazi kabisa. Hata shomoro walikuwa wanakaa juu yake."

"Panda. Toboa bati. Unganisha bomba lipite juu ya paa, weka wavu wa waya mdomoni shomoro wasirudi, na ulizungushie shimo lami. Likivuja nitakuja kukuchukua mvua ikinyesha."

Mbugua alipanda akinung'unika. Kwa muda wa mchana nyumba nzima ililia kwa msumeno na nyundo. Karatasi za saruji zilishuka vipande vipande kupitia dari. Zachary, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni alichokichukua bila kuombwa, alizitazama zikianguka, na kila kipande kilipoanguka alizidi kukaa wima.

Kazi ilipokwisha Kiplangat alimwita bafuni.

"Jerono, mimina maji."

Jerono alimimina tunduni. Jicho likang'aa.

"Vuta."

Maji yakaunguruma, yakashuka, yakaenda zao. Sakafu ilinyamaza. Jicho lilitetemeka kidogo likatulia palepale. Jerono alivuta tena, kisha mara ya tatu, kwa furaha ya mtu aliyepewa mchezo. Hapakuwa na kitu. Palinuka saruji, lami na jasho la vibarua.

"Ndugu yako hayuko hapa," Kiplangat alimwambia Zachary. "Hakuwahi kuwa hapa."

Zachary alilamba midomo. Kwa kitambo alionekana kama mtu aliyepokonywa fimbo akiwa katikati ya kuchapa. Kisha akapata nyingine.

"Sawa, afande. Choo ni choo. Mimi si fundi. Lakini hiyo haimaanishi huyu mwanamke hajamuua. Hata sasa umepata sababu. Walikuwa wanapigana juu ya hii halufu. Kila siku, kelele. Mwanamke anamwambia Mukhisa, wewe si mume, umeshindwa na choo. Anamfukuza kwa kitanda!"

"Umejuaje?"

"Si Mukhisa mwenyewe aliniambia? Alikaa hivi, akaniambia, ndugu yangu, hiyo choo itanimaliza. Inakoroma kama mzee. Mke wangu ananisumbua mpaka naogopa kurudi nyumbani."

Jerono alikuwa bado ameshika kamba ya tanki la choo. Aliiachilia polepole.

"Alikuambia lini?" Kiplangat aliuliza.

"Tulipoonana."

"Mlionana lini?"

"Si nilisema. Krismasi."

"Krismasi bomba lilikuwa limesimama juu ya paa, na shomoro juu yake. Krismasi hakukuwa na harufu hapa, wala sakafu haikukoroma, wala mke hakuwa na la kumgombeza juu ya choo. Yote hayo yameanza Pasaka." Inspekta alisogea hatua moja. "Mukhisa hawezi kukuambia Krismasi habari za Pasaka. Alikuambia Jumamosi ile alipotoka hapa kuja kwako. Alifika, Zachary. Yuko wapi?"

Zachary aligeuka. Alitazama mlango, akamwona Mbugua amesimama pale na nyundo yake, ameziba njia bila kukusudia. Akatazama chini. Akaketi kwenye ukingo wa shimo alilolichimbisha mwenyewe, miguu ikining'inia ndani.

"Sikumgusa," alisema. "Wallahi sikumgusa, ni trela ya miwa. Alikuwa anatoka kwangu jioni, trela ikampitia pale kwa kona. Nilimpeleka hospitali mimi mwenyewe. Muulize daktari. Nilimbeba."

"Hospitali gani?"

"Ya misheni. Lugulu."

"Nilipiga simu huko. Hakuna Mukhisa."

"Nilimwandikisha Wakhungu. Ni jina lake la babu, nyumbani tunamwita hivyo." Alianza kulia, na mara hii hakutafuta leso. "Hakuwa na fahamu, afande. Kichwa kilivimba hivi. Nilijua anakufa. Huyu mwanamke hana mtoto. Nikasema, akifa tumzike kwetu kimya kimya. Mke asiye kwenye mazishi ya mume wake, atakuja kudai nyumba gani? Duka gani?"

"Na yeye akaanza kumtafuta."

"Alikuwa anataka kuja Misikhu kumuulizia. Alishamwambia mpwa wangu kwa simu ya posta. Ningefanya nini?"

"Ukamtafutia mahali pa kukaa," Jerono alisema. "Kwetu. Seli."

Kiplangat aligundua kwamba mkono wake umekunja ngumi, akaukunjua. "Amekufa?"

Zachary alitikisa kichwa. "Aliamka Jumapili. Akauliza mke wake. Nikamwambia amekataa kuja."

Nekesa alitolewa seli akiwa na leso ya kujifunga aliyoingia nayo na viatu visivyo na kamba. Hakuuliza chochote hadi Land Rover ilipopita njia ya Ndalu na mahindi yakawafunga pande zote mbili.

"Umepata ni nini?" alisema.

"Bomba la hewa. Fundi wa mabati aliliziba."

"Nilisema inakoroma."

"Ulisema."

"Nilisema kwa sajenti, nikasema kwako, nikasema kwa yule wa kuandika. Nikasema na mume wangu yuko Misikhu. Mkachimba." Alitazama dirishani. "Vigae vile nilichagua mimi. Nilivifuata Eldoret."

Kiplangat alishika usukani kwa mikono miwili. Akaendesha hadi Lugulu.

Muuguzi aliwapeleka kwenye chumba cha mwisho. Mukhisa alikuwa amefungwa bendeji kichwani, mguu mmoja umening'inizwa kwa kamba na vizito vya chuma, mashavu yamebonyea. Alimwona mke wake mlangoni. Hakutabasamu.

"Umekuja," alisema. "Zachary alisema umekataa."

"Nilikuwa seli."

"Seli? Umefanya nini?"

"Nimekuua," Nekesa alisema. "Nikakuzika bafuni."

Mukhisa alimtazama, kisha akamtazama yule mtu mrefu aliyesimama nyuma yake na kofia ya polisi mkononi na lami kwenye suruali, kisha akarudi kwa mke wake. Kitu kilianza kumtikisa kifuani. Kilikuwa kicheko, lakini mbavu zilizovunjika hazikukipa nafasi, kikamtoka kwa machozi na miguno hadi vizito vikagongana kwenye chuma cha kitanda.

"Wacha," Nekesa alisema. "Wacha, bendeji itafunguka." Alivuta kigoda karibu, akaketi, akamgeuzia Inspekta mgongo. Mkono wake ulitafuta wa mumewe juu ya shuka, ukaupata, ukaushika kwa nguvu kiasi kwamba vidole vya mgonjwa vilibadilika rangi.

Kiplangat alikohoa. "Bwana Mukhisa, kuna maelezo nitahitaji kuyachukua kwako kuhusu ndugu yako."

"Kesho," Nekesa alisema bila kugeuka.

"Mama, sheria..."

"Afande. Kesho. Na ufunge mlango ukitoka."